Ofisa lojistiki: Mlinzi wa faida kati ya meli na duka

Wafanyabiashara wawili wa Kariakoo wanaweza kununua feni za aina moja, kwenye kiwanda kimoja, kwa bei moja. Baada ya miezi mitatu mmoja anauza na kupata faida, na mwenzake anauza kwa bei ile ile na kula mtaji. Tofauti yao haiko kiwandani wala dukani. Iko katikati: melini, bandarini, forodhani, barabarani na bohari.

Eneo hilo la katikati ndilo eneo la kazi la ofisa lojistiki. Somo la wiki hii linaeleza kazi na wajibu wake. Linawahusu wenye kampuni zinazoweza kumwajiri, na linawahusu zaidi wale wasio na uwezo huo. Kazi za ofisa huyu hazifutiki kwa sababu tu hayupo. Zinabaki mikononi mwa mwenye duka, na akizisahau analipa.

JINA NA ASILI YA KAZI

Ofisi nyingine humwita ofisa ugavi, nyingine ofisa usafirishaji, na matangazo mengi ya kazi ya siku hizi huandika ofisa lojistiki. Neno lenyewe lilikua jeshini, ambako lilihusu kuhakikisha chakula, risasi, mavazi na usafiri vinawafikia askari mahali wanapohitajika na kwa wakati. Biashara imechukua maana hiyo hiyo: bidhaa inayotakiwa, kwa kiasi kinachotakiwa, mahali panapotakiwa, wakati unaotakiwa, kwa gharama ambayo bei ya soko inaweza kuibeba.

Kwa Tanzania kazi hii ilikuwa ya mashirika ya umma kwa miaka mingi. Kampuni za biashara za mikoa, maarufu kama RTC, ndizo zilizogawa bidhaa mikoani, na mwenye duka alisubiri mgawo. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu binafsi kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na mageuzi ya uchumi yaliyoanza 1986 yakapanua mlango huo. Tangu hapo mfanyabiashara alipata uhuru wa kuagiza anachotaka, na papo hapo akabebeshwa mzigo wa kukileta mwenyewe.

Mafunzo ya kazi hii yanapatikana nchini. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, kilianzishwa 1975. Kwa upande wa taaluma, Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi (PSPTB) husimamia mitihani na usajili.

Wengi humchanganya ofisa lojistiki na wakala wa forodha. Wakala ni mtu au kampuni yenye leseni ya kuwasilisha nyaraka za mzigo forodhani kwa niaba ya mwenye mali. Kazi yake huanza pale nyaraka zinapomfikia. Kazi ya ofisa lojistiki huanza kabla bidhaa haijaagizwa, na haimaliziki mpaka bidhaa iwe rafuni na kontena tupu liwe limerudishwa kwa kampuni ya meli. Mfanyabiashara anayedhani kwamba akishakuwa na wakala mzuri hahitaji mtu mwingine, anamkabidhi wakala matatizo yaliyokwisha tengenezwa miezi miwili nyuma.

KUJUA GHARAMA KAMILI KABLA YA KULIPA

Wajibu wa kwanza wa ofisa lojistiki ni kumwambia tajiri wake bidhaa itagharimu kiasi gani ikishafika bohari. Bei ya kiwandani ni mwanzo tu wa hesabu hiyo.

Tuchukue mfano wa feni 2,000 za mezani zinazoagizwa kutoka China kwa dola 8 za Marekani kila moja. Takwimu hizi ni za kufundishia tu, na kila msomaji anaweza kuweka za kwake.

Bei ya feni zote ni dola 16,000. Nauli ya meli tuseme ni dola 3,000 na bima dola 200. Jumla ni dola 19,200, na hiyo ndiyo thamani ambayo forodha huitumia kukokotoa ushuru. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ushuru wa pamoja una viwango vikuu vya asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, asilimia 35, ingawa zipo bidhaa zenye viwango vyake maalumu. Tuseme feni zimo kwenye asilimia 25. Ushuru ni dola 4,800, na hesabu inafika dola 24,000.

Juu ya hapo inakuja Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT). Kwa asilimia 18 ni dola 4,320. Kisha zipo tozo nyingine za uingizaji, malipo ya bandari, ya kampuni ya meli, ya wakala, ya lori na ya wapakuzi. Tuziweke zote kuwa dola 2,000.

Mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa VAT anaweza kuidai kodi hiyo kupitia mauzo yake, kwa hiyo haiingizi kwenye gharama ya bidhaa. Kwake gharama kamili ni dola 26,000, yaani dola 13 kwa feni. Asiyesajiliwa haidai popote. Kwake gharama ni dola 30,320, yaani dola 15 na senti 16 kwa feni. Ni feni ile ile, lakini gharama zinapishana kwa zaidi ya dola mbili.

Sasa mtazame anayejumlisha bei, nauli na bima, kisha akaishia hapo. Anaona feni imemfikia kwa dola 9 na senti 60, anapanga bei, anapokea malipo ya awali ya wateja wa mikoani, halafu anakutana na dola 3 na senti 40 nyingine kwa kila feni wakati kontena limeshafika. Wakati huo hawezi tena kurudi nyuma.

Ofisa anayejua kazi huiandika hesabu hii kwenye karatasi moja kabla ya fedha yoyote kutumwa. Huitafuta namba ya bidhaa kwenye kitabu cha ushuru, humwuliza wakala athibitishe kiwango chake, na huweka akiba kidogo kwa ajili ya kupanda kwa dola dhidi ya shilingi. Karatasi ikionyesha kuwa bei ya soko haitoshi, anasema hivyo waziwazi, hata kama tajiri ameshaipenda bidhaa.

MASHARTI YA UNUNUZI

Wajibu wa pili ni kujua mzigo unabadilisha mikono wapi. Wafanyabiashara wengi hutaja FOB na CIF kila siku bila kuzingatia maana yake. Masharti haya hutungwa na Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara chenye makao yake Paris. Yalitolewa kwa mara ya kwanza 1936, na toleo la 2020 lina masharti 11.

Kwa FOB, muuzaji anamaliza kazi yake mzigo ukishapakiwa melini kwenye bandari ya kuondokea. Nauli na bima ni juu ya mnunuzi. Kwa CIF, muuzaji analipa nauli na bima mpaka bandari ya kufikia, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Wanaamini kuwa mzigo ukiharibika baharini hasara ni ya muuzaji kwa kuwa yeye ndiye aliyelipa nauli. Sivyo. Hata kwa CIF, hatari inamhamia mnunuzi mzigo ukishapakiwa melini. Aliyelipa nauli ni mmoja, anayebeba hasara ni mwingine.

Vilevile, kwa CIF muuzaji anawajibika kukata bima ya kiwango cha chini tu, isipokuwa kama mkataba unasema vingine. Bima hiyo hulipa hasara kubwa kama meli kuungua au kuzama, lakini si lazima ilipe kreti zilizolowana au kuibwa. Isitoshe, Sheria ya Bima ya Tanzania inataka bima ya bidhaa zinazoingizwa nchini ikatwe kwa kampuni iliyosajiliwa hapa. Kwa sababu hizo ofisa makini hupendelea kununua kwa masharti ambayo nauli na bima vinabaki mikononi mwake. Anajua amelipa kiasi gani, na likitokea la kutokea anajua mlango wa kugonga.

Tukio la meli Ever Given linafundisha jambo hili vizuri. Meli hiyo ilikwama kwenye Mfereji wa Suez kuanzia tarehe 23 hadi 29 Machi 2021. Baadaye mwenye meli alitangaza kwamba gharama za kuinusuru zichangiwe na wote waliokuwa na mali ndani yake, kwa utaratibu wa zamani wa baharini wa hasara ya pamoja. Katika hali kama hiyo, mwenye mzigo uliokatiwa bima huiachia kampuni ya bima kutoa dhamana. Asiye na bima hutakiwa kuweka fedha taslimu kwanza ndipo aruhusiwe kuchukua mali yake, hata kama mali yenyewe haina mkwaruzo.

NYARAKA LAZIMA ZISEME NENO MOJA

Mzigo hutolewa bandarini kwa nguvu ya karatasi, ziwe za mkononi au za kwenye kompyuta. Zinazohitajika kwa kawaida ni ankara ya biashara, orodha ya vifurushi, hati ya shehena inayotolewa na kampuni ya meli, hati ya bima, cheti cha asili pale mnunuzi anapodai unafuu wa ushuru, na kwa bidhaa zilizo chini ya uangalizi wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), cheti cha kuthibitisha ubora. Chakula, dawa, mbegu na kemikali vina vibali vyake vya ziada kutoka taasisi zinazohusika.

Wajibu wa ofisa hapa ni kuzilinganisha mstari kwa mstari kabla meli haijaondoka. Jina la mpokeaji liwe lile lile kila mahali. Idadi ya katoni, uzito na maelezo ya bidhaa visipishane. Ankara ikisema katoni 500 na hati ya shehena ikasema 505, mtu wa forodha ana haki ya kuuliza hizo tano ni za nani. Kusahihisha kosa hilo meli ikiwa bado bandari ya kuondokea ni suala la simu na barua pepe. Kulisahihisha meli ikiwa imefunga Dar es Salaam ni suala la siku na ada.

Cheti cha asili hudharauliwa na wengi, ingawa kina fedha ndani yake. Tanzania imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki na katika SADC, baada ya kujitoa COMESA mwaka 2000. Bidhaa iliyotengenezwa Kenya au Uganda na kutimiza masharti ya asili huingia bila ushuru wa forodha, mradi cheti kiwepo. Anayenunua Nairobi bila kukidai cheti hicho anaweza kutozwa kana kwamba bidhaa imetoka ng'ambo.

Kuna jambo moja ambalo ofisa mwaminifu hulikataa, nalo ni ankara mbili: moja ya kweli kwa ajili ya kumlipa muuzaji na nyingine ya bei ndogo kwa ajili ya forodha. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inawapa maofisa uwezo wa kuitilia shaka bei iliyotajwa na kuitafuta thamani kwa njia nyingine, na ukaguzi unaweza kufanywa hata baada ya mzigo kutoka. Aidha, mzigo uliokatiwa bima kwa bei ya uongo hulipwa kwa bei hiyo hiyo ya uongo ukipotea. Faida ya ankara ya pili ni ya mwezi mmoja, na hatari yake ni ya miaka.

KUHESABU SIKU

Kwenye suala la siku ndipo ofisa lojistiki huonekana kama anastahili mshahara wake. Kontena likishashuka, saa mbili zinaanza kuhesabu. Ya kwanza ni ya bandari au bandari kavu, inayotoza kwa kuhifadhi mzigo uliozidisha siku za bure. Ya pili ni ya kampuni ya meli, inayotoza kwa kukaa na kontena lake. Saa hii ya pili haisimami kontena linapotoka getini. Inaendelea mpaka kontena tupu lirudishwe mahali palipotajwa. Wengi wametoa mzigo kwa wakati, wakaacha kontena uani kwa majuma mawili wakitafuta nafasi bohari, kisha wakashangaa kuletewa ankara.

Turudi kwenye feni. Tuseme mzigo umechelewa siku 12 baada ya siku za bure kwisha, kwa sababu cheti kimoja kilikuwa na jina tofauti. Tuseme saa zote mbili kwa pamoja zinatoza dola 80 kwa siku. Hiyo ni dola 960. Kama dola 20,000 za mtaji zilikopwa benki kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, siku 12 zinaongeza dola 118. Jumla ni dola 1,078, yaani senti 54 kwa kila feni. Mfanyabiashara aliyepanga kuuza jumla kwa dola 14 kabla ya VAT, akitarajia faida ya dola moja kwa feni, amebakiwa na senti 46. Zaidi ya nusu ya faida imeliwa na jina moja lililoandikwa vibaya.

Hasara haiishii hapo. Feni huuzika Dar es Salaam wakati wa joto kali, kuanzia Desemba hadi Machi. Masika yakianza, mnunuzi hupungua na bei hushuka. Kwa hiyo ofisa huhesabu kurudi nyuma. Feni ziwe dukani tarehe 1 Desemba. Wiki mbili ziachwe kwa bandari, forodha na lori, kwa hiyo meli ifike katikati ya Novemba. Safari ikichukua wiki tano hadi sita pamoja na kubadilisha meli njiani, mzigo uondoke China mwanzoni mwa Oktoba. Lakini China huwa na sikukuu ya taifa kuanzia tarehe 1 Oktoba, na ofisi na viwanda vingi hufungwa kwa takriban wiki moja. Basi mzigo uwe bandarini kwao kabla ya Septemba kwisha. Kiwanda kikihitaji siku 30 kutengeneza, malipo ya awali yatumwe kabla ya tarehe 25 Agosti. Tuseme tarehe 20, ili kuacha nafasi.

Mfanyabiashara anayeanza kufikiria feni Oktoba, joto linapoanza, ameshachelewa. Hivyo hivyo kwa anayetaka bidhaa za Aprili: mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, na uzalishaji husimama kwa majuma.

Aidha, ofisa lazima afuatilie habari za njia za bahari kama anavyofuatilia bei. Mwishoni mwa 2023, mashambulizi dhidi ya meli za biashara katika Bahari ya Shamu yalizifanya kampuni nyingi za meli kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema. Mzigo wa kutoka Uturuki na Ulaya ulirefushiwa safari. Hata njia za Asia ziliguswa, kwa kuwa meli na makontena yaliyotumia muda mrefu baharini yaliadimika kwingine, na nauli zikapanda 2024. Aliyekuwa ameweka siku za akiba kwenye ratiba yake alisumbuka. Asiyeziweka alikosa msimu.

UZITO, KONTENA NA BARABARA

Kontena hujaa kwa njia mbili: kwa ukubwa au kwa uzito. Kontena la futi 20 lina nafasi ya takriban mita za ujazo 33, na la futi 40 kama 67. Lakini uzito unaoruhusiwa kupakiwa kwenye la futi 40 haupishani sana na wa futi 20. Anayeleta magodoro au feni anafaidika na la futi 40. Anayeleta vigae au misumari atalifikisha la futi 20 kwenye kikomo cha uzito huku nafasi bado ikiwepo, na kwake kulipia la futi 40 ni kununua hewa. Tangu Julai 2016 pia, kanuni za kimataifa za usalama baharini zinataka uzito halisi wa kila kontena uthibitishwe kabla ya kupakiwa melini.

Uzito huo huo unamfuata barabarani. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na shehena yake, na kila ekseli ina kikomo chake. Lori lenye uzito halali kwa jumla linaweza kunaswa kwenye mizani ya Vigwaza au Mikese kwa sababu mzigo umeegemea upande mmoja. Kwa mfanyabiashara wa Mbeya au Tunduma, kusimamishwa mizani maana yake ni kupakua, kulipa na kulala njiani. Hivyo ofisa husimamia upakiaji wenyewe, huandika namba ya lakiri ya kontena kabla ya safari, na huilinganisha na iliyopo mlangoni mzigo unapofika. Lakiri ikiwa imebadilika, mlango haufunguliwi mpaka mashahidi wawepo.

BOHARI NI FEDHA ILIYOLALA

Mzigo ukishaingia bohari, kazi inabadilika sura. Sasa ni kujua kilichopo, kilichotoka na lini pa kuagiza tena. Kanuni ya kuagiza ni rahisi: mauzo ya siku mara siku za kusubiri mzigo mpya, kisha ongeza akiba. Duka linalouza feni 10 kwa siku, na linalosubiri mzigo kwa siku 100, litauza feni 1,000 wakati linasubiri. Likiweka akiba ya 200, basi oda mpya itumwe bohari ikifikia feni 1,200. Kwa bidhaa ya msimu ofisa hutumia mauzo ya miezi ya msimu, maana wastani wa mwaka mzima humdanganya.

Kilichoingia kwanza kitoke kwanza, hasa chakula, vipodozi, dawa na betri. Kuhesabu mali kufanywe kwa kushtukiza, kidogo kidogo, badala ya kungoja mwisho wa mwaka. Anayetunza daftari asiwe ndiye anayeshika ufunguo. Bima ya moto isisahaulike: moto ulioteketeza Soko Kuu la Kariakoo Julai 2021 uliwakuta watu wenye mali yote ya biashara yao mahali pamoja.

WAWEKEZAJI WATAZAME NINI

Anayenunua hisa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo Aprili 1998, hawezi kuingia bohari za kampuni kukagua. Lakini taarifa za fedha humwonyesha kazi ya lojistiki ikoje. Achukue thamani ya mali iliyopo ghalani, aigawe kwa gharama ya mauzo ya mwaka, kisha azidishe kwa 365. Kampuni yenye mali ya Sh. milioni 300 na gharama ya mauzo ya Sh. milioni 1,825 inakaa na mali kwa siku 60. Mwaka unaofuata mali ikiwa Sh. milioni 500 huku gharama ya mauzo ikiwa ile ile, siku zimefika 100. Faida inaweza kuwa haijapungua bado, lakini fedha imeanza kulala. Mwekezaji aulize sababu kwenye mkutano mkuu.

Kwa bidhaa nzito na ya bei nafuu, usafirishaji ni karibu biashara yenyewe. Saruji ni mfano mzuri. Viwanda vya Wazo Hill, Tanga na Mbeya kila kimoja kina nguvu zaidi katika soko lililo jirani nacho, kwa sababu kila kilomita inakula bei ya mfuko. Anayepima hisa za kampuni ya aina hiyo asome pia habari za reli, mafuta na barabara.

ASIYE NA OFISA AFANYEJE

Mfanyabiashara mdogo mara nyingi huchangia kontena na wenzake. Njia hii inapunguza nauli, lakini inamfunga kwenye nyaraka za watu wengine. Mmoja akiwa na bidhaa isiyo na kibali, kontena zima linaweza kusimama. Kabla ya kuchangia, aulize mpangaji wa kontena nani wengine wamo na wanaleta nini, na adai risiti yenye idadi na uzito wa mzigo wake.

Kabla ya kutuma fedha yoyote, yeye mwenyewe ajibu maswali haya kwa maandishi. Gharama kamili ya bidhaa moja ikiwa dukani ni kiasi gani? Hatari inahamia kwangu wapi, na nani amekata bima? Vibali gani vinatakiwa, na nani anavileta? Bidhaa inatakiwa dukani tarehe ngapi, na ukihesabu kurudi nyuma malipo yatoke lini? Siku za bure ni ngapi kwa bandari na ngapi kwa kampuni ya meli? Nafasi bohari ipo? Fedha ya ushuru ipo tayari, au inategemea mauzo ya mzigo ambao haujatoka?

Swali hili la mwisho ndilo linalowaangusha wengi. Mtaji wote hutumwa kiwandani, kontena hufika, na mwenye mali hana fedha ya kulitoa. Wakati anakopa huku na kule, saa mbili zinahesabu. Ofisa lojistiki angemzuia Agosti, kwa kumwambia aagize feni 1,200 badala ya 2,000 na aweke kando fedha ya ushuru. Asiye na ofisa huyo aiweke karatasi ya hesabu mezani na ajiambie mwenyewe.